Maswali Yenu: Somo Akikosekana, Harusi Inashikwa na Nani?

Barua za mwezi huu zimeegemea harusi za pwani, na si ajabu: likizo za shule zinakaribia na ndugu wa ughaibuni wanakata tiketi. Tumejibu tano. Waliouliza bei za kumbi watusamehe, hiyo si fani yetu.

SWALI: Sisi ni Waislamu wa Iringa. Kijana wetu amepata mchumba Tanga. Mshenga amerudi na orodha: mahari, kilemba cha baba, mkaja wa mama, ubeleko na kifungua mlango. Wazee wetu wamechukia, wanasema tunauziwa mke. Kipi hasa ni cha lazima?
*Baba mdogo wa bwana harusi, Iringa*

JIBU: Katika orodha hiyo cha lazima ni kimoja tu, mahari. Nayo si ya baba wala ya mjomba. Ni haki ya binti mwenyewe: anataja anachotaka, na kinatamkwa siku ya nikaha mbele ya mashahidi. Anaweza kuipokea yote papo hapo, au akaridhia sehemu yake iwe deni juu ya mumewe.

Vilivyobaki ni desturi, na kila kimoja kina mwenyewe. Mkaja ni nguo anayojifunga mzazi tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko ni ile ya kumbebea mtoto mgongoni. Kilemba ni heshima ya baba. Kifungua mlango hudaiwa pale bwana harusi anapotaka kuingia kwa mkewe, na wanaodai ni wanawake wa upande wa bibi harusi waliosimama mlangoni, kwa mizaha na vigelegele. Hapo bwana harusi akiingia bila noti ndogondogo mfukoni atasimama sana. Zamani mkaja na ubeleko vilikuwa vitambaa kweli, leo ni bahasha. Waambieni wazee wenu kwamba wanachoombwa ni kumtambua mama aliyezaa na kubeba. Na kwa kuwa ni desturi, kiasi chake kinazungumzika. Mshenga hodari hushusha bila mtu kuona ameshushwa.

Angalieni jambo moja ambalo limegombanisha familia nyingi. Kuna wazazi wanaojumlisha kila kitu na kutaja fungu moja: "Leteni milioni mbili, mengine tutajua wenyewe." Inaonekana nyepesi, lakini mbele ya safari, mke akiomba kujivua katika ndoa kwa khului, kwa kawaida hutakiwa kurejesha mahari. Ikiwa kilemba na mkaja vilimezwa humo, atadaiwa fedha ambazo hakuzitia mkononi. Kwa hiyo mahari yaandikwe peke yake kwenye cheti cha ndoa, na vingine viingie kila kimoja na bahasha yake, juu yake pameandikwa ni cha nani. Tena mjue kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu tu mahari hayakulipwa. Asije mtu akawatisha kwamba bila bahasha ya mwisho hakuna ndoa.

Kuhusu utaratibu, safari ya kwanza fedha haitajwi. Mnapeleka barua ya posa, imeandikwa na mzee wa kijana na si kijana mwenyewe, imewekwa kwenye bahasha na kufungwa katika leso safi, na ndani ya leso hiyo mnaweka kiasi kidogo cha fedha. Barua itaje kijana ni mtoto wa nani, mjukuu wa nani, anamposa nani, basi. Kijana abaki nyumbani. Majibu yatarudi kwa mshenga, pengine baada ya wiki kadhaa, maana upande wa pili nao wana shangazi na wajomba wa kuulizwa. Kimya hicho msikifasiri kuwa ni kukataliwa, na msipige simu kuharakisha.

SWALI: Dada yangu alipakwa hina usiku wa kuamkia harusi. Asubuhi ikawa rangi ya chungwa tu, picha zote hazipendezi. Mimi naolewa baada ya miezi miwili, na mpambaji ananishauri nitie piko ili iwe nyeusi hakika. Nifanyeje?
*Bibi harusi mtarajiwa, Mombasa*

JIBU: Piko kataa. Tuanze hapo, kwa sababu hili lina madhara ya kudumu.

Piko ni dawa nyeusi ya nywele. Kemikali iliyomo, parafenilinidiamini, imeundwa kwa ajili ya nywele. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye dawa za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na haukubali ipakwe kwenye ngozi. Inapopakwa mkononi, wengine hawaoni kitu. Wengine, siku chache au hata wiki baadaye, huanza kuwashwa, kisha malengelenge yanatoka yakifuata mchoro ule ule: ua likageuka kidonda chenye umbo la ua. Kovu linaweza kubaki, na mwili ukishaikataa kemikali hiyo, huikataa maisha yote, hata utakapotaka kuficha mvi uzeeni. Kwamba ulipaka mwaka jana salama si kinga, maana mara nyingi mwili hujifunza kuikataa mara ya kwanza na hulipuka mara ya pili. Ukishapakwa na kuhisi moto, osha hapo hapo kwa maji mengi na sabuni na uende hospitali. Usipake dawa ya meno juu yake.

Utaitambuaje? Hina ya majani ya mhina haitoi weusi ndani ya saa moja. Ikibanduliwa huwa rangi ya chungwa, ndipo inapokolea taratibu hadi kahawia nzito baada ya saa 24 hadi 48. Hapo ndipo lilipo kosa la dada yako: hina yake haikuwa mbovu, ilinyimwa siku mbili. Harusi ikiwa Jumamosi, paka Alhamisi.

Kuichanganya, kwa mikono hadi karibu na viwiko na miguu hadi juu kidogo ya vifundo, gramu 200 za unga zinatosha na kubaki kwa wapambe. Uchekeche kwa soksi nyembamba ya kike, kwani kijiti kimoja tu kikiziba tundu la koni ya kuchorea mchoro unakatika. Kwa kila gramu 100 tia vijiko viwili vya chakula vya sukari, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mikaratusi, na maji ya ndimu yaliyochujwa, ukimimina kidogo kidogo mpaka upate uji unaodondoka kwa uzito kama mtindi. Kwa kawaida huishia karibu robo lita. Wengine huchanganya ndimu na chai ya rangi iliyopoa. Funika kwa nailoni iliyogusa uji wenyewe. Kwa joto la Mombasa, baada ya saa sita hadi nane angalia: juu umegeuka kahawia, ukikwangua chini bado kijani. Hapo iko tayari. Ukiiacha siku mbili mezani imekufa. Usipoitumia, igandishe kwenye friza.

Ngozi isiwe na losheni wala mafuta. Ikishakauka juu ya mkono, iguseguse kwa pamba yenye ndimu na sukari ili isidondoke, na ikae saa sita kwa uchache, ukiweza ulale nayo. Usiioshe kwa maji. Ikwangue kwa kisu kisicho na makali, pangusa kwa mafuta ya nazi, na maji yasiguse mpaka kesho yake. Chumba chenye kiyoyozi huipunguzia nguvu, kwa sababu rangi inashika kwa joto la mwili; viganja na nyayo hukolea, lakini juu ya mkono ni lazima upate joto.

Hesabu vizuri mpangilio wa siku. Kunyoa, kuondoa malaika (vinyweleo vya mwilini) na kusinga, yaani kusugua mwili kwa singo ya maua makavu na manukato, vyote vitangulie hina. Singo inasugua ngozi ya juu, na ngozi ya juu ndiyo iliyobeba rangi. Tumewaona mabibi harusi waliosingwa Ijumaa juu ya hina ya Alhamisi, wakatoka na mabaka.

Watoto wachanga msiwapake, hata kwa baraka. Wale wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga chembe za damu, ambao pwani si wachache, damu yao inaweza kuharibika kwa hina halisi kabisa.

Mwisho, usipakwe ukiwa peke yako na mpambaji wa kukodi. Kwa saa nane huna mikono. Mtu akulishe, akunyweshe, akukune pua, akufunge kanga ukitaka kwenda msalani. Wanawake wanaofanya hayo ndio wanaoshika harusi yako, na usiku huo ndio wanaopata nafasi ya kukaa nawe.

SWALI: Tunaishi Toronto. Binti yangu anaolewa na anauliza, "Mama, nikaha inaisha kwa robo saa, haya mengine ya nini?" Sikuwa na jibu. Pia huku hakuna somo, mwanamke wa kumfunda. Dada zangu wanasema shangazi yake wa Unguja amfunde kwa simu ya video, au tukodi mwandaaji wa sherehe. Na je, udi katika ghorofa?
*Mama wa bibi harusi, Toronto*

JIBU: Binti yako kasema kweli kuhusu nikaha. Walii (baba au mlezi anayemwoza binti), mashahidi wawili, mahari kutajwa, walii kuoza na bwana harusi kukubali: ndoa imekamilika, hata kama hakuna hata birika la kahawa. Lakini nikaha katika desturi zetu kwa kawaida hufanywa na wanaume, mara nyingi msikitini, na bibi harusi mwenyewe hayupo. Haya mengine ni upande wa wanawake wa jambo lile lile. Aliyesinga, aliyepaka hina, aliyeshona vikuba vya asumini, aliyebeba sinia, aliyekaa naye usiku, kila mmoja anajulikana kwa jina na kwa nasaba, na siku hiyo binti anaonyeshwa hadharani ana watu gani nyuma yake. Mume naye anaonyeshwa. Akija kumdhulumu, anajua ni nani na nani watakaobisha hodi. Ndiyo maana hatupendi kazi hizo zikabidhiwe mtu wa malipo mwanzo hadi mwisho. Mwandaaji apange viti na taa. Mambo ya mwilini yafanywe na jamaa.

Somo ni cheo cha pekee. Kwa kawaida msichana hupewa somo wake tangu anapovunja ungo, na uhusiano huo hauishi. Hawi mama mzazi, kwa sababu kuna maneno ambayo mama na binti wanaoneana haya kuyasema, na yasiposemwa na mwingine hayasemwi kabisa. Kwa hiyo usijiteue wewe. Tafuta mwanamke aliyeolewa au aliyepata kuolewa, mwenye kifua cha kuhifadhi siri, ambaye binti anamheshimu. Anaweza kuwa rafiki yako wa Mngazija au Msomali, si lazima awe wa damu. Mwendee kwa adabu ukiwa na doti ya kanga, umwombe, na umkabidhi binti mbele ya watu wawili watatu. Mkabidhi mapema, angalau siku saba kabla ya nikaha.

Kazi zake ni hizi: kumfunda twahara (usafi wa ibada) na josho la janaba, kunadhifisha mwili, kumsinga, kumweleza mambo ya chumbani bila kuzungukazunguka, kumfundisha mwenendo na wakwe. Somo wa leo asipomwambia binti kwamba ana haki ya kukataa akiumizwa, na pa kukimbilia ni wapi, amefunda nusu. Baada ya harusi yupo katika fungate, zile siku saba za mwanzo. Zamani alihamia humo humo ndani, Toronto itatosha apige simu kila asubuhi na aje siku ya tatu na ya saba. Shangazi wa Unguja naye ana nafasi yake kwenye video, kwa dua na kwa mafunzo ya maneno. Lakini simu haisingi wala haishiki mkono wa mtu anayelia.

Udi sasa. Ghorofani usiwashe mkaa chumbani. Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu, na Januari ya Toronto hakuna anayefungua dirisha. Chukua chetezo cha umeme, weka kipande cha udi cha ukubwa wa ukucha, moto mdogo. Ukikazia moto, udi unaungua badala ya kufuka, harufu inageuka chungu na king'ora cha moshi kinalia. King'ora chenyewe usikizibe kwa mfuko, ni hatari. Nguo zifukize mapema, siku moja kabla, zikiwa zimetandazwa juu ya fremu, dakika tano kila upande, kisha zikunje kwenye sanduku. Kitambaa hushika harufu kuliko hewa, na wageni wakiingia watafikiri nyumba nzima imefukizwa.

SWALI: Nipeni vipimo vya singo. Bibi alikuwa anatia kwa macho tu. Na mwanangu anauliza kama ni lazima avae kisutu.
*Bi. R., Zanzibar*

JIBU: Kila nyumba ina mkono wake, na wa bibi yako ukiukumbuka ufuate. Kama umepotea, anza na kikombe kimoja cha maua makavu ya waridi, nusu kikombe cha asumini na rihani vilivyokaushwa kivulini (si juani, jua linachukua harufu), nusu kikombe cha liwa (msandali) ya unga, robo kikombe cha dalia (unga wa manjano wa kujipaka), na karafuu zisizozidi nusu kijiko cha chai zikiwa zimesagwa. Karafuu ndizo zinazowaponza wengi. Nyumbani zipo tele, mtu anatia kikombe, na bibi harusi anachomeka kwapani. Saga vyote pamoja, chekecha, weka kwenye chupa kavu. Wakati wa kutumia, chota viganja viwili, loweka kwa marashi ya waridi mpaka ishikane, sugua mwili uliokwisha kuoga maji ya vuguvugu, kutoka miguuni kwenda juu, ikauke kidogo, kisha ifikiche itoke. Siku saba mfululizo, na ya mwisho kabla ya hina. Avae kanga kuukuu, dalia inaacha manjano. Aliyenyoa siku hiyo hiyo asisingwe.

Kisutu si lazima. Lakini kile cha nyekundu, nyeusi na nyeupe ndicho kanga ya harusi, na ni ya bei ndogo kuliko chochote kingine mtakachonunua. Kumbukeni doti inauzwa ikiwa kipande kimoja: ikatwe na kupindwa wiki moja kabla. Tumeona bibi harusi akifungwa kanga yenye nyuzi zinazoning'inia kwa sababu fundi cherehani alisahauliwa.

SWALI: Kwenye kupamba, sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi, tunataka kuzuia simu. Mwaka jana picha za binti wa jirani, kichwa wazi, zilisambaa mtandaoni kabla hajateremka jukwaani. Lakini wageni wanakasirika. Na vijana wanasema bila DJ hakuna atakayekuja.
*Kamati ya harusi, Mombasa*

JIBU: Wanaokasirika ni wanaoshtukizwa mlangoni. Andikeni kwenye kadi yenyewe, si ujumbe wa siku ya mwisho: "Simu hazitaingia ukumbini." Waambieni pia jambo hili kwa mdomo wakati wa kualika, maana kadi nyingi haziwi na msomaji.

Mlangoni pawe na meza mbili, wanawake wanne, wawili wakiwa wa upande wa bwana harusi. Mkiweka wa upande mmoja tu, mwingine atasema anapekuliwa. Nunueni mifuko midogo ya nguo na vibao vya namba viwili viwili. Kimoja kinafungwa kwenye mfuko wa simu, kingine anapewa mgeni. Simu izimwe mbele ya mwenyewe kabla ya kuingia mfukoni, la sivyo ukumbi mzima utasikia milio ndani ya kapu. Wenye watoto wachanga au wagonjwa nyumbani waache namba moja ya dharura inayoshikwa na mtu wa kamati aliyekaa nje. Saa za mkononi zenye kamera nazo ziulizwe. Na msifanye ubaguzi kwa shangazi wa bwana harusi aliyetoka Dubai. Akiingia na simu yeye, wote wataidai. Mpiga picha awe mwanamke mmoja, mliyeandikiana naye kwamba kadi ya kumbukumbu ya kamera anaikabidhi usiku ule ule.

Na DJ? Ukumbi usio na simu unabadilika wenyewe. Watu wakikosa cha kushika mikononi wanaanza kupiga makofi. Hapo ndipo vugo linapopata nafasi: wanawake sita tu wanaojua, kila mmoja na pembe yake ya nyati na kijiti, kiongozi mmoja wa kutoa wimbo na wengine kuitikia. Tatizo la vugo siku hizi ni kwamba huletwa kama onyesho, wapigaji wanasimamishwa jukwaani na kupewa vipaza sauti. Kipaza sauti kinameza pembe, na waliokaa wanabaki watazamaji. Waweke katikati ya watu, chini, bila mitambo, kabla bibi harusi hajatolewa, kwa nusu saa hivi. DJ apewe muda baada ya chakula. Mkiwaweka pamoja, pembe itashindwa.

Mifuko ya simu irudishwe kwa zamu ya meza walizokalia wageni, si kwa namba. Wakifuata namba, wageni mia tatu watasukumana mlangoni saa sita usiku, na mwenye namba 1 daima ndiye aliyekaa mbali kabisa.